Jinsi ya kwenda kuangalia besiboli Japani ukiwa upande wa timu ya ugenini

Watu wengi wakifika Japani wanaenda mechi moja ya besiboli kama sehemu ya matembezi tu, wanakata tiketi yoyote, wanakaa popote, picha mbili tatu, raundi ya sita kati ya tisa wanaondoka. Sio vibaya, ila kitu chenyewe wamekikosa. Kule utamu wa mechi uko majukwaani, na majukwaa yamegawanywa, na ukikaa sehemu sahihi na mashabiki wa timu uliyoichagua utaimba masaa matatu na watu usiowajua kabisa na wala hutojua muda umeendaje. Nataka nieleze hasa ukiwa upande wa timu ngeni, yaani ile iliyosafiri, manake hapo ndo sheria nyingi zipo na kwa maoni yangu hapo ndo raha ilipo zaidi: mko wachache, mmebanwa kwenye kipande kimoja cha uwanja, na kila mmoja aliyepo alitaka kweli kuwepo.

Ligi yenyewe kwa haraka. Timu ziko 12, sita za Central League na sita za Pacific League, kila moja inacheza mechi 143 kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tatu mpaka mwanzoni mwa mwezi wa kumi, alafu zinafuata mechi za mchujo zinaitwa Climax Series na mwisho fainali, Japan Series. Jumatatu kwa kawaida hakuna mechi, kwa hiyo usipange ratiba yako ikakuangushia Jumatatu. Katikati ya wiki mechi zinaanza kwenye saa 12 jioni, wikendi nyingi ni saa 7 au saa 8 mchana. Kuna kipindi kati ya mwisho wa mwezi wa tano na katikati ya mwezi wa sita ambapo timu za ligi hizi mbili zinakutana, na kwa shabiki anayefuata timu hicho ni kipindi kizuri mno kwa sababu unaiona timu yako kwenye viwanja ambavyo mwaka mzima haifiki. Na mechi inaweza kuisha sare, raundi ya 12 ikiisha bado wako sawa basi imeisha hivyohivyo.

Kama bado huna timu, chagua kabla hujasafiri. Usiseme utachagua ukifika, sababu kila uamuzi mwingine unategemea huu. Hanshin Tigers wana mashabiki kila mahali, wakienda ugenini wanajaza kiasi kwamba mwenyeji anaonekana kama yeye ndo mgeni, ukitaka kelele chagua hao, ila tiketi zao za ugenini zinaisha mapema sana. Hiroshima Carp vilevile, wekundu wao utawaona nchi nzima, na wana ushangiliaji wa kusimama na kuchuchumaa kwa zamu, nusu ya jukwaa juu nusu chini, mapaja yatakuuma kesho yake. Chiba Lotte Marines ndo wanaosifika kwa sauti, kule wanaruka na kuimba kwa pumzi zote, na klabu yao imeitunza jezi namba 26 kwa ajili ya mashabiki, hakuna mchezaji anayeivaa, kwa sababu wakati huo wachezaji wa kikosi cha mechi walikuwa 25 na shabiki ndo wa 26. Rakuten Eagles wa Sendai nao wamefanya hivyo na namba 10. Mimi ukiniuliza kwa mtu wa mara ya kwanza nitasema Marines au Carp, utapokelewa vizuri na utajifunza haraka.

Sasa viti, na hapa soma taratibu. Ukiwa umekaa nyuma ya mpigaji unaangalia uwanja, jukwaa la mbali upande wa kulia ni la mashabiki wa mwenyeji na la mbali upande wa kushoto ni la wageni. Ndo ilivyo viwanja vingi. Seibu Lions kule Tokorozawa wako kinyume, wao wenyeji wanakaa upande wa besi ya tatu (besi ni vile vituo ambavyo mpigaji anavizunguka kutafuta pointi) yaani kushoto, kwa hiyo kila mara angalia ramani ya uwanja husika, usiende kwa mazoea. Haya majukwaa ya mbali ndo ya kushangilia, ndo kuna ngoma na tarumbeta na bendera kubwa, na ndo ya bei nafuu pia, mara nyingi kati ya yeni 2,000 na 3,000 hivi ingawa klabu nyingi sa hizi zinapandisha na kushusha bei kulingana na mpinzani na siku. Viti vya karibu na besi ya kwanza na ya tatu ni vya kukaa na kutazama kwa utulivu zaidi, vinagharimu zaidi, na huko unakuta watu wa timu zote mbili wamechanganyika.

Kwenye ramani ya viti tafuta maandishi haya: ビジター, yanasomeka bijitaa, ndo sehemu ya wageni. Ikiandikwa ビジター応援席 hicho ni kiti cha kushangilia timu ngeni na kina sheria yake: hukai pale na jezi ya mwenyeji. Vilevile jukwaa la kushangilia la mwenyeji hukai na jezi wala taulo wala kofia ya timu ngeni, na hata bila jezi huruhusiwi kushangilia timu ngeni ukiwa pale, wahudumu watakuja kukuambia kwa upole sana uvue au uhame. Sio ugomvi, hakuna atakayekupiga, lakini umekata tiketi ya kukaa masaa matatu umefunga mdomo. Uwanja mgumu zaidi kwa hili ni Koshien, nyumbani kwa Tigers, uwanja wa watu kama 47,000 ambao karibu wote ni njano na nyeusi, wageni wanapewa kipande kidogo cha kushoto, na kama umekosa kile kipande fikiria mara mbili kama kweli unataka kwenda na jezi ya timu nyingine. Hiroshima nako sehemu ya wageni ni ndogo mno, iko juu kule kushoto, inaisha haraka. Uwanja rahisi kwa mgeni ni Jingu wa Tokyo, kwa Yakult Swallows, jukwaa la kushoto ni pana na likija kundi kubwa linajaa lote.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba tiketi ya ugenini huinunui kwa timu yako, unainunua kwa klabu mwenyeji. Kwa hiyo ukifuata Carp kwenye mechi tatu za viwanja vitatu ni tovuti tatu tofauti, akaunti tatu, na tarehe tatu tofauti za kuanza kuuza. Wanachama wa klabu mwenyeji wanauziwa kwanza alafu ndo inakuja siku ya watu wote, na siku hiyo uwe macho kwa saa za Japani. Tovuti zingine zinataka namba ya simu ya Japani au zinakataa kadi ya nje, na klabu kadhaa zimefungua kurasa za Kiingereza kwa ajili ya wageni wa nje, tumia hizo zikiwepo, ila kagua kama zinauza viti vya wageni kwa sababu mara nyingine zinauza viti vya kawaida tu. Hakikisha benki yako imekuwezesha ile hatua ya kuthibitisha malipo kwa ujumbe wa simu na kwamba ujumbe huo utaupata ukiwa nje ya nchi, hapo ndo watu wanakwama. Ukishafika Japani kuna njia nyingine, mashine zilizomo ndani ya maduka ya Lawson na 7-Eleven, zinatoa tiketi unalipa palepale dukani, lugha ni Kijapani karibu yote lakini ukimwendea muuzaji na tarehe na jina la timu limeandikwa kwenye simu mara nyingi atajaribu kukusaidia.

Usinunue kwa walanguzi. Tangu mwezi wa sita mwaka 2019 kuna sheria Japani inayokataza kuuza tena tiketi kwa bei ya juu kuliko ya asili kama biashara, na tiketi iliyopatikana hivyo inaweza kukataliwa getini. Klabu nyingi zina sehemu yao rasmi ya kuuziana tiketi kati ya mashabiki, pitia kila siku wiki ya mwisho, watu wanaachia tiketi zao dakika za mwisho hasa hali ya hewa ikiwa mbaya.

Kuhusu jezi na vifaa. Nunua mapema, kwenye duka la timu yako mwenyewe au mtandaoni, kwa sababu uwanja wa mpinzani hauna uhakika wa kuuza vitu vyenu, vingine vinaweka kibanda kidogo cha wageni na vingine hakuna kitu. Huhitaji vingi. Jezi moja au taulo moja, na vile vijiti viwili vya plastiki vya kugonganisha ambavyo ndo unapigia mdundo. Taulo ni muhimu kuliko unavyodhani, kuna nyimbo linainuliwa, kuna nyimbo linazungushwa, na mwezi wa nane litakufuta jasho.

Nyimbo sasa, na hapa nitakaa kidogo. Kila timu ina kikundi rasmi cha washangiliaji kinaitwa ouendan, ni mashabiki tu wa kawaida wanaojitolea, wana ngoma na tarumbeta na kiongozi mwenye mluzi anayewaonyesha watu kinachofuata, mara nyingi amebeba bango lenye jina la wimbo. Wanasafiri na timu, wengine nchi nzima. Kila mpigaji ana wimbo wake mwenyewe, mfupi, maneno machache, unarudiwa tena na tena mpaka atoke au afike besi, na katikati yake jina lake linaitwa kwa nguvu. Alafu kuna nyimbo za nafasi, zinapigwa wachezaji wenu wakiwa besi ya pili au ya tatu na mnakaribia kupata pointi, hapo sauti inapanda mara mbili na hata kama hujui hata neno moja utajikuta umesimama. Mkipata pointi kuna banzai, yaani kelele ya kushangilia, mikono juu na wimbo mfupi wa furaha na watu wanagonganisha vijiti na kila mtu aliye karibu, pamoja na wewe, usiwakatalie.

Sheria kubwa ni moja: mnaimba timu yenu inapopiga tu. Timu yenu ikiwa inalinda mnakaa chini, mnakula, mnaongea, mnapiga makofi mrushaji wenu akimtoa mtu, na zamu ya kelele ni ya wale wa timu nyingine. Inapendeza sana hii, uwanja mzima unapokezana, na ukishaizoea utaona mechi za nchi zingine zimejaa ukimya wa ajabu. Timu ngeni ndo inapiga kwanza kila raundi, kwa hiyo nyie ndo mnafungua mechi. Fika mapema, nusu saa angalau, ukichelewa unakuta watu wamesimama wote na kupita katikati yao kutafuta kiti chako ni tabu kwako na kwao.

Kujifunza nyimbo sio kazi kubwa. Tafuta mtandaoni jina la timu na neno 応援歌, yaani nyimbo za kushangilia, zipo video za nyimbo zote za msimu na maneno yake. Usijaribu kukariri zote. Shika za wapigaji wanne wa kwanza kwenye orodha, ile ya nafasi moja, na wimbo wa klabu, zingine utaziokota palepale kwa kusikiliza mara ya kwanza na kuingia mara ya pili. Maneno ya Kijapani ya nyimbo hizi yanatamkika vizuri kabisa kwa mtu anayeongea Kiswahili, irabu ni zilezile tano, na hii ni faida ambayo wageni wengine hawana, itumie! Kabla ya raundi ya saba kila timu ina kasherehe kake, na viwanja vingi vinapiga wimbo wa klabu ngeni kwenye spika kabla hamjaanza kupiga, simameni muimbe wote. Mkiwa Jingu mtawaona Swallows nao zamu yao ikifika wanafungua vimwavuli vidogo na kucheza navyo, na wanafanya hivyo pia kila wanapopata pointi, hata ukiwa mpinzani wao utatabasamu. Zamani baadhi ya timu walikuwa wanarusha maputo marefu hewani wakati wa raundi ya saba, ilisimama mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na sa hizi inategemea uwanja, kwa hiyo usinunue maputo ukaanza kupuliza kabla hujaona wenzako wanafanya nini.

Ndani ya uwanja kuna mambo madogo ambayo yakikupita yanasumbua. Makopo na chupa za glasi haviingii, getini wanakumiminia kinywaji chako kwenye kikombe cha karatasi. Chakula cha nje viwanja vingi vinaruhusu, ila Es Con Field ya Hokkaido, nyumbani kwa Fighters tangu 2023, hairuhusu. Na hapohapo Es Con, kule Sendai kwa Rakuten na viwanja vingine kadhaa hawapokei pesa taslimu kabisa, kadi au simu tu, wakati kwingine noti bado zinapokelewa, kwa hiyo beba vyote. Bia inaletwa na wasichana na wavulana wanaobeba pipa mgongoni wakipanda na kushuka ngazi usiku kucha, wanapita kila dakika, unainua mkono wanakuja mpaka kwenye kiti, kikombe kimoja ni kama yeni 800 au 900. Umri wa kunywa ni miaka 20. Chakula cha kutafuta: kari ya Koshien, udon (tambi nene za supu) ya Carp Hiroshima, supu ya matumbo kwa Marines Chiba, barafu ya machungwa Yokohama. Kula wakati mnalinda, sio wakati mnapiga, utamwagia watu.

Mpira ukipigwa ukaenda kwenye majukwaa utasikia filimbi za wahudumu zikilia, ukisikia filimbi inua macho hapohapo, acha simu. Mpira ule ni mgumu na unakuja kwa kasi mbaya, na viti vya karibu na besi ndo hatari zaidi. Viwanja vingi ukiudaka ni wako, mhudumu anakuja tu kuuliza kama umeumia.

Mvua: viwanja vyenye paa havina shida, lakini Koshien, Jingu, Yokohama, Hiroshima, Chiba na Sendai viko wazi. Mwavuli wa kawaida haufunguliwi mechi ikiendelea kwa sababu unawaziba wa nyuma, beba koti la mvua la plastiki. Mechi ikifutwa kabla haijatimiza kiwango cha kuhesabika, yaani raundi tano, hela inarudishwa, lakini kwa mgeni wa nje kurudishiwa inaweza kuwa safari nyingine, soma maelekezo ya klabu usiku huohuo. Chiba ina upepo wa bahari hata kiangazi, kule Tokorozawa kuna paa lakini pembeni pako wazi, kwa hiyo mwezi wa nne unatetemeka na mwezi wa nane unapikwa.

Mambo ya ratiba ya viwanja: Koshien wakati wa mwezi wa nane inatumika na mashindano ya shule za sekondari, Tigers wanahama, mechi zao kadhaa zinapigwa Kyocera Dome Osaka, usiende kuwasubiri Koshien. Jingu wikendi za majira ya kuchipua na ya vuli mchana ni ya vyuo vikuu, ndo maana Swallows wanacheza jioni, na hiyo inakupa nafasi ya kuona mechi ya mchana kwingine Tokyo alafu ukaja Jingu usiku. Eneo la Tokyo na jirani zake lina timu tano, Giants, Swallows, BayStars, Marines na Lions, kwa hiyo ukikaa wiki moja tu hapo unaweza kuifuata timu yako kwenye viwanja viwili bila kupanda treni ya mbali. Na Jingu nenda mapema kadiri unavyoweza, uwanja huo ulifunguliwa 1926, Babe Ruth, nyota wa besiboli wa Marekani, alicheza pale 1934, na upo kwenye mpango wa kubomolewa na kujengwa mwingine jirani. Mimi hilo linaniuma kweli.

Kufika ni treni tu. Tokyo Dome, nyumbani kwa Giants, unashuka Suidobashi au Korakuen, Jingu ni Gaienmae, Yokohama ni Kannai, Koshien ina stesheni yake yenye jina hilohilo, kama robo saa kutoka Osaka-Umeda kwa treni ya haraka ya Hanshin, na Hiroshima unatembea dakika kumi kutoka stesheni kuu ukifuata watu wenye jezi nyekundu. Mabegi makubwa acha hotelini au kwenye makabati ya stesheni, viti ni vyembamba na nafasi ya miguu ni ndogo.

Mkishinda ugenini usikimbie. Mchezaji bora wa siku anahojiwa pale uwanjani, na mara nyingi baada ya hapo wachezaji wanakuja upande wenu kuinama kuwashukuru, alafu ouendan wanaendelea na nyimbo za wapigaji wote kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, wimbo wa klabu juu yake, na hakuna anayewafukuza haraka. Mkishindwa pia wanapigiwa makofi, kuzomea wachezaji wenu haipendezi. Kusanya takataka zako zote, vikombe, karatasi, vijiti vya kulia, wahudumu wanasimama mlangoni na mifuko mikubwa ya kuzipokea. Kadi ya treni iongeze pesa kabla ya mechi wakati unashuka, sio baada, kwa sababu foleni ya mashine Koshien saa 4 usiku inaweza kukuchelewesha sana, na ukiwa bado umevaa jezi ya ugenini kwenye ile treni ya kurudi Umeda, wewe kaa kwa amani, kuna mzee wa Tigers atakuuliza unatoka wapi na kwa nini umechagua timu hiyo, kwa hiyo uwe na jibu.